Mbegu Isiyokubali Ghala: Uhifadhi wa Mibuni kwa Baridi na Wajibu Wetu



Mwezi Februari 2025 bei ya kahawa aina ya arabika katika soko la New York ilivuka dola 4 za Marekani kwa ratili, kiwango kilichokuwa hakijapata kufikiwa. Sababu kubwa iliyotajwa ni ukame na hali mbaya ya hewa katika nchi zinazoongoza kwa uzalishaji wa kahawa, Brazili na Vietnam. Kwa familia nyingi za miteremko ya Kilimanjaro habari hiyo ilikuwa tamu na chungu kwa pamoja. Tamu, kwa sababu kahawa ndiyo iliyojenga nyumba, ikalipa karo na kuinua kuta za makanisa yetu. Chungu, kwa sababu katika miaka mirefu ya bei duni wakulima wengi walikwisha kung'oa mibuni yao wakapanda mboga, mahindi na migomba zaidi. Bei hupanda kwa siku moja. Mbuni huhitaji miaka mitatu au zaidi ndipo uanze kuzaa.

Miezi michache kabla ya hapo, mnamo Oktoba 2024, ilitoka habari nyingine ambayo haikuzungumzwa sana masokoni. Katika mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu bioanuwai uliofanyika Cali, nchini Colombia, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira Asilia lilitangaza kwamba kati ya aina 47,282 za miti zilizochunguzwa duniani, zaidi ya 16,000, yaani zaidi ya theluthi moja, zimo katika hatari ya kutoweka. Kahawa haikusalimika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikwisha kuonyesha kwamba kati ya aina 124 za mibuni ya porini zilizokuwa zikijulikana wakati huo, asilimia 60 zilikuwa hatarini.

Habari hizi mbili zinaonekana kuwa mbalimbali, lakini kwa kweli ni habari moja. Kahawa tunayoiuza inashambuliwa na joto, ukame na magonjwa. Na dawa ya udhaifu wake, kwa sehemu kubwa, imo ndani ya mibuni ya zamani na ya porini ambayo inapotea. Anayetaka kuwa na kahawa ya kesho hana budi kuitunza mibuni hiyo leo. Hapo ndipo linapozuka swali gumu: itunzweje, iwapo mbegu yake haikubali kuwekwa ghalani?

Jibu mojawapo linalotolewa na wanasayansi ni kuhifadhi vipande vidogo vya mti vilivyo hai, ama katika chupa kwenye ubaridi wa wastani, ama katika baridi kali kupita baridi yoyote inayojulikana juu ya uso wa dunia. Makala hii inaeleza kazi hiyo jinsi ilivyo, faida yake na mipaka yake. Hoja yake ni hii: baridi ya maabara ni msaada mkubwa, na Afrika Mashariki inapaswa kuwa nayo na kuimiliki, lakini baridi hiyo itatufaa tu ikiwa tutaendelea kuwa na shamba la kurudishia kile kilichohifadhiwa, na watu wanaokijua.

Kutoka Kilema: ukoo uliotokana na mbegu chache

Historia ya kahawa ya Kilimanjaro ni sehemu ya historia ya uinjilishaji. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868, ndio waliopandisha mbegu za arabika hadi misheni ya Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka unaotajwa mara nyingi ni 1898. Mbegu hizo zilikuwa za ukoo wa kisiwa cha Réunion, ambacho zamani kiliitwa Bourbon. Na ndiyo maana mpaka leo wataalamu huuita ukoo huo kwa jina hilo. Réunion ilikuwa imeipata kahawa yake kutoka Yemen mwanzoni mwa karne ya 18, na Yemen iliipata kutoka Ethiopia, nyumbani kwa arabika.

Katika kila safari kati ya hizo zilibebwa mbegu au miche michache tu. Maana yake ni kwamba mibuni ya zamani iliyojaa katika vihamba vyetu ni kama ukoo mkubwa uliotokana na babu mmoja au wawili. Ni ukoo wenye sifa njema: kahawa yake ina ladha iliyoipatia Kilimanjaro jina duniani, na juu yake wakulima walijenga chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Lakini ukoo uliotoka kwa wachache hurithi nguvu za wachache na udhaifu wa wachache. Ugonjwa unaoweza kuuangusha mbuni mmoja unaweza kuiangusha yote.

Na ndivyo ilivyotokea. Kutu ya majani na chulebuni viliingia, na mkulima akajikuta ananyunyizia dawa ya mrututu msimu baada ya msimu, kwa gharama inayokula faida yake. Nchini Kenya, mlipuko wa chulebuni wa mwaka 1968 uliharibu sehemu kubwa ya mavuno. Wokovu haukutoka ndani ya ukoo uleule. Ulitoka kwa ndugu wa mbali.

Mmojawapo wa ndugu hao huitwa Rume Sudan. Ni mbuni wa arabika uliochukuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1940 katika uwanda wa juu wa Boma, ambao leo uko Sudan Kusini, ukapandwa katika vituo vya utafiti. Haukuwa na mazao mengi ya kumvutia mkulima, kwa hiyo ungeweza kudharauliwa na kukatwa kuni. Lakini ulikuwa na kinga dhidi ya chulebuni. Watafiti wa Kenya waliutumia katika kuzalisha aina ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, iliyoanzishwa mwaka 2000 na yenye makao yake Lyamungu, nayo ilitumia damu ya Rume Sudan pamoja na ya mbuni uliotoka kisiwa cha Timor katika aina chotara ilizowapatia wakulima, ambazo hustahimili chulebuni na kutu ya majani pasipo kuoga mrututu kila mara.

Tujiulize: ingekuwaje kama mbuni ule wa Boma usingechukuliwa, au kama kituo kilichoupokea kingeuacha ufe? Wataalamu waliorudi Boma mwaka 2012 walikuta misitu imeharibiwa vibaya na mibuni ya porini imepungua mno. Kitu kilichookoa kahawa ya wakulima wetu kilikuwa kimebaki salama kwa sababu tu kuna mtu alikitunza kabla hajajua kitafaa nini.

Hazina kama hiyo ipo pia nyumbani kwetu. Arabika yenyewe ilizaliwa kutokana na kukutana kwa aina mbili za kahawa: robusta na nyingine iitwayo Coffea eugenioides. Hii ya pili huota porini katika nyanda za juu zinazoanzia magharibi mwa Tanzania hadi Burundi, Rwanda, Uganda, Kenya na mashariki ya Kongo. Mmoja wa wazazi wa kahawa inayonywewa duniani kote ni jirani yetu. Katika korongo la Kihansi, ndani ya milima ya Udzungwa, kuna mbuni mwingine wa porini, Coffea kihansiensis, uliopewa jina rasmi mwaka 2004 tu. Nao tayari umo katika orodha ya iliyo hatarini. Ni mibuni mingapi mingine inayokatwa kabla hatujaijua?

Kwa nini ghala la mbegu halitoshi

Wengi wetu tumesikia habari za ghala la mbegu la Svalbard, lililochimbwa ndani ya mlima wenye barafu huko Norway na kufunguliwa mwaka 2008. Humo huwekwa mbegu za mazao kutoka pande zote za dunia katika nyuzi joto 18 chini ya sifuri. Mahindi, mtama, maharage, mpunga na ngano huhifadhiwa vema kwa njia hii. Mbegu zake hukaushwa mpaka zibaki na maji kidogo sana, kisha hugandishwa, nazo zinaweza kukaa miaka mingi na bado zikaota. Ni kanuni ileile waliyoijua bibi zetu walipoanika mbegu na kuzitundika juu ya moshi wa jikoni, ila imeongezewa baridi.

Lakini kuna miti ambayo mbegu zake hazikubali kanuni hiyo. Kokwa la embe, parachichi, fenesi au kakao likikaushwa hufa. Nazi ni hivyohivyo. Hata kama isingekuwa kubwa kiasi kile, haiwezi kukaushwa na kubaki hai. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba kiasi cha asilimia 33 ya aina zote za miti duniani, na asilimia 36 ya mimea iliyo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, ina mbegu za namna hiyo. Kwa mimea hii ghala la mbegu ni mlango uliofungwa.

Kahawa inasimama katikati. Mwaka 1990 watafiti wa Uingereza walieleza kwa mara ya kwanza kundi la tatu la mbegu, lililo kati ya zile zinazokubali kukaushwa na zile zinazokataa, na mfano waliouchunguza ulikuwa kahawa. Mbegu ya arabika huvumilia kukaushwa kiasi, lakini ikikaushwa mno, au ikiwekwa katika baridi ya kawaida ya ghala la mbegu, haidumu. Ndiyo maana huwezi kuweka akiba ya kahawa Svalbard kama unavyoweka mahindi.

Kwa sababu hiyo, dunia imelazimika kuhifadhi kahawa kwa njia ya zamani: kupanda mti na kuulinda. Mashamba ya namna hiyo yapo Lyamungu kwetu. Yapo Choche nchini Ethiopia, Kianjavato nchini Madagaska, na Turrialba nchini Costa Rica, ambako kuna mkusanyo wa karibu nasaba 2,000. Shamba lina fadhila zake: mtafiti huona mti, huuchavusha, huonja kahawa yake. Lakini mti wa shambani huzeeka. Hupigwa na radi, huugua, husongwa na magugu bajeti inapokatwa, na ardhi yake hutamaniwa na wenye kutaka kujenga. Mkakati wa dunia wa kuhifadhi nasaba za kahawa, uliotolewa mwaka 2017, ulitokana na hofu hiyo: mikusanyo mingi iliyopo ina hali dhaifu, na kinachopotea humo hakina nakala mahali pengine.

Chupa na baridi: kazi inavyofanyika

Wakulima wa ndizi wa Afrika Mashariki wameizoea tayari hatua ya kwanza ya kazi hii, kwa maana wamepanda migomba ya chupa. Mtaalamu huchukua sehemu ndogo sana ya mmea, yaani ncha ya kichipukizi, au kiini kilichomo ndani ya mbegu. Huisafisha kwa dawa ya kuua vimelea, huikata chini ya hadubini mahali penye hewa iliyochujwa, kisha huiweka katika chupa yenye chakula kilichoganda kama jeli: maji, sukari, madini, vitamini na homoni za mimea. Humo huota bila udongo. Katika hali ya kawaida lengo ni kuikuza haraka na kuizidisha ili ipatikane miche mingi iliyo safi.

Kwa ajili ya uhifadhi, lengo hugeuzwa: mche usikue haraka. Joto la chumba hupunguzwa, mwanga hufifishwa, na chakula hurekebishwa ili mmea uishi pasipo kukimbia. Mkusanyo mkubwa kuliko yote wa migomba duniani, ulioanzishwa mwaka 1985 katika Chuo Kikuu Katoliki cha Leuven nchini Ubelgiji, hutunza miche yake katika nyuzi joto 16, na kila mche hukaa takriban mwaka mmoja kabla ya kuhamishiwa chupa mpya. Kwa kahawa njia hii ina ugumu wake, kwa sababu aina za mibuni hazifanani: nyingine huvumilia kukaa muda mrefu chupani, nyingine hudhoofika na kufa. Tena kila mara chupa inapofunguliwa kuna nafasi ya kuingia kwa kuvu, au mkono kubandika jina lisilo lake.

Ndipo inapokuja hatua ya pili, baridi kali. Ncha ya kichipukizi, kiini, au mbegu nzima hutumbukizwa katika naitrojeni ya kimiminika, ambayo ina nyuzi joto 196 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo shughuli za uhai ndani ya seli husimama. Mmea haukui, hauzeeki, haupati ugonjwa. Unangoja.

Tatizo ni maji. Maji yakiganda ndani ya seli hufanya chembe za barafu zenye ncha kama vigae vya chupa, nazo hupasua kuta za seli. Kwa hiyo ufundi wote uko katika kuyaondoa maji kiasi kinachotosha bila kuua, na katika kuyafanya maji yanayobaki yagande kama kioo laini pasipo kufanya chembe. Hilo hufanyika kwa kukausha kwa kipimo, au kwa kuloweka sehemu hiyo katika miyeyusho mizito ya sukari na vitu vingine vinavyokinga seli. Watafiti wa Montpellier, Ufaransa, walionyesha kwamba mbegu za arabika zilizokaushwa kwa kiwango sahihi, zikapozwa polepole hadi nyuzi 50 chini ya sifuri ndipo zikatumbukizwa katika naitrojeni, zinaweza kuamshwa zikiwa hai. Hata pale mbegu yenyewe iliposhindwa kuota, mara nyingi kiini chake kilikuwa kizima, na kikitolewa na kuwekwa chupani huota.

Kuna jambo linaloirahisisha kazi kwa arabika. Mti huu kwa kawaida hujichavusha wenyewe, kwa hiyo mtoto hufanana sana na mzazi, na kuhifadhi mbegu au kiini chake ni karibu sawa na kuhifadhi mti wenyewe. Robusta na mibuni mingi ya porini huhitaji chavua ya mti mwingine. Hapo mbegu ni mtu mpya, na anayetaka kuhifadhi mti uleule hana budi kutumia ncha ya kichipukizi, kazi iliyo ngumu zaidi. Nchi zenye majira ya baridi zina wepesi wake: machipukizi ya mtofaa yaliyolala wakati wa baridi huchukuliwa na kuhifadhiwa huko Fort Collins, Marekani, katika mvuke wa naitrojeni, na baadaye hubebeshwa juu ya shina lingine. Mti wa mtofaa umefundishwa baridi na maumbile. Mbuni haujafundishwa, ni lazima binadamu aufundishe kwa subira.

Je, gharama yake inabebeka? Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu mkusanyo wa Turrialba ulionyesha kwamba, ukihesabu miaka mingi, kuitunza nasaba ya kahawa katika naitrojeni kunagharimu kidogo kuliko kuitunza shambani. Gharama kubwa ni ya mwanzo: vifaa, mafunzo, na kutafuta kipimo sahihi kwa kila nasaba. Baada ya hapo kinachohitajika ni kuhakikisha tangi halikaukiwi.

Kile ambacho baridi haiwezi

Hata hivyo tusidanganyike. Tangi la naitrojeni linahifadhi mwili wa mbuni. Halihifadhi mazingira yake. Mti ulio porini huendelea kupambana na mdudu mpya, na ukame mpya, na vizazi vyake hubadilika pole pole. Ulio katika baridi hubaki vilevile ulivyoingia. Ukiamshwa baada ya miaka 50 utakutana na magonjwa ambayo haujapata kuyaona.

Wala baridi haihifadhi maarifa. Kihamba si mibuni peke yake. Ni mibuni chini ya migomba, migomba chini ya mringaringa, mfereji unaoleta maji kwa zamu, samadi ya ng'ombe wa zizini, na mama anayejua ni mbuni upi unaozaa hata mwaka wa jua kali. Ujuzi huo hauingii katika chupa. Akifa anayejua, na shamba likigeuzwa kuwa viwanja, tutabaki na kiini kilichogandishwa chenye namba, pasipo mtu wa kusema kilikuwa na sifa gani.

Kuna hatari nyingine iliyo ya kiroho zaidi. Mwenye kuamini kwamba kila kitu kimehifadhiwa mahali fulani salama hupata ruhusa ya kuharibu kilichopo mbele yake. Waraka wa hayati Baba Mtakatifu Fransisko Laudato si', uliotolewa mwaka 2015, unatufundisha kwamba viumbe vina thamani mbele za Mungu kabla hata hatujavipatia matumizi, na kwamba ufundi wa binadamu hauwezi kuchukua mahali pa kazi ya uumbaji. Uhifadhi wa baridi ukitumiwa kama kisingizio cha kukata msitu, utakuwa umegeuzwa kuwa kinyume cha kusudi lake.

Nani anashika ufunguo?

Suala la mwisho ni la haki. Mimea ya Afrika imesafiri mno, na mara nyingi faida yake haikurudi. Kwa hiyo si vibaya kuuliza: nasaba zetu zikiwekwa katika matangi ya ng'ambo, nani ataruhusiwa kuzichukua, na kwa masharti gani?

Mfano wa Leuven unatia moyo. Mkusanyo ule una nasaba zaidi ya 1,500 za migomba, nyingi zikiwa katika naitrojeni, na miche yake hutumwa kwa watafiti na wakulima wa nchi nyingi. Hilo linawezekana kwa sababu mgomba umo katika orodha ya Mkataba wa Kimataifa kuhusu Nasaba za Mimea kwa Chakula na Kilimo, uliopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika mwaka 2004, ambao unazitaka nchi kushirikishana mazao yaliyoorodheshwa kwa masharti yanayojulikana. Mnazi nao umo. Kahawa haimo.

Maana yake ni kwamba ubadilishanaji wa nasaba za kahawa hutegemea makubaliano ya nchi na nchi, chini ya Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 na sheria za kila taifa. Hali hii huwalinda wenye mali wasiporwe. Lakini pia inaweza kumfanya kila mmoja afiche chake mpaka kimfie mikononi. Ethiopia, Tanzania, Kenya, Uganda na jirani zao wana sababu zote za kukaa pamoja: kuwa na hifadhi ya baridi ya kahawa katika ukanda huu wenyewe, nakala yake kuwekwa mahali pengine kwa usalama, na masharti ya haki kwa yeyote anayetaka kuzitumia. TaCRI ina ujuzi wa kuzalisha miche kwa vikonyo na kwa chupa. Tanzania ina benki yake ya taifa ya nasaba za mimea huko Arusha. Msingi upo, panahitajika fedha na utashi.

Wajibu wetu parokiani

Mwamini anaweza kusema kwamba mambo haya ni ya serikali na wataalamu. Ni kweli kwamba naitrojeni haiwekwi sakristia. Lakini mnyororo wa uhifadhi unaanzia kihambani, na hapo sisi ndio wenyeji.

Kwanza, tusing'oe kabla ya kutambua. Aina chotara ni baraka, na mkulima anayebadilisha mibuni yake iliyochoka anafanya vema. Lakini penye mbuni mkongwe unaostahimili ukame au ugonjwa kuliko jirani zake, au uliopandwa na wazee karibu na misheni ya zamani, aitwe afisa ugani au wataalamu wa utafiti waje wachukue vikonyo na mbegu kabla ya shoka. Tendo hilo huchukua siku moja, na halirudiwi baada ya mti kufa.

Pili, parokia, mashirika ya kitawa na shule zetu zina ardhi. Kipande kidogo kinaweza kutengwa kiwe shamba la kumbukumbu, lenye mibuni ya zamani ya eneo hilo, kila mmoja ukiwa na kibao na maelezo ya mzee aliyeujua. Jambo hili lifanywe kwa ushauri wa wataalamu, kwa sababu miche inayobebwa ovyo hubeba pia magonjwa. Wakulima wa robusta wa Kagera wanajua jinsi mnyauko fuzari ulivyowatesa.

Tatu, tuwasomeshe vijana. Kilimanjaro kuna Chuo Kikuu Katoliki cha Mwenge, na shule zetu za sekondari zina maabara. Kijana anayejifunza kukata kichipukizi chini ya hadubini hayuko mbali na kazi ya babu yake aliyepogoa mibuni. Ameikaribia kwa mlango mwingine. Bila vijana hao matangi yatakuwa ya wageni, na funguo zake pia.

Nne, tuseme. Wakati wa kujadili bajeti na sheria, sauti ya wakulima wa kahawa na ya Kanisa linaloishi nao isikose. Mkusanyo wa Lyamungu ukikosa palizi kwa sababu fungu limechelewa, hasara haitaonekana mwaka huo. Itaonekana baada ya miaka 30, siku ugonjwa mpya utakapoingia na mtafiti akaenda kutafuta ndugu wa mbali wa kuokoa ukoo asimkute.

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 41, kinaeleza jinsi Yusufu alivyoweka akiba katika miaka saba ya shibe. Wengi wetu hukumbuka wingi wa nafaka na hekima ya kuona mbali. Kuna jambo dogo ambalo husomwa haraka: katika kila mji Yusufu aliweka mavuno ya mashamba yanayouzunguka mji huohuo. Hakupeleka akiba yote mahali pamoja palipo mbali na wenyewe. Na njaa ilipofika, aliyafungua maghala.

Ndivyo nasi tunavyopaswa kuhifadhi mibuni yetu: karibu na mashamba ilikotoka, mikononi mwa watu wanaoijua, na kwa nia ya kuifungua siku ya shida. Mwezi Februari 2025 bei ilikuwa nzuri. Huenda hii ndiyo miaka yetu ya shibe, na miaka ya shibe ndiyo iliyo ya kuweka akiba.